Tokeni ya Mkalimani

Mashine ilikataa asubuhi ya Jumatatu. Lupakisyo akabonyeza mara ya pili, ikakataa. Akaizima, akaiwasha, akanywa chai nusu kikombe akiisubiri iamke, akabonyeza mara ya tatu. Kioo kikaandika yale yale: programu imezidi ukubwa, nafasi hakuna.

Alijua siku hiyo ingefika. Tangu Agosti alikuwa akiikwepa, kama mtu mwenye jino bovu anayetafunia upande mmoja.

Nje Kilosa ilikuwa imelowa chapachapa. Ulikuwa mwaka tisini na saba, na redio ilikuwa imesema tangu Oktoba kwamba mvua za safari hii si za kawaida, zina jina la kigeni. Watoto walikuwa wakiliimba jina hilo mitaani. Mto Mkondoa ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kati ya mto na nyumba ya Lupakisyo, na nyumba nyingine kama mia tatu za mtaa wa chini, palikuwa na tuta moja la udongo, la zamani, lenye mashimo ya panya.

Ndiyo maana palikuwa na king'ora.

Lupakisyo hakuwa msomi. Shule aliiacha darasa la sita, akaingia reli akiwa kijana wa kubeba zana, akafundishwa ufundi wa ishara na mafundi waliokuwa wakifundisha kwa makofi. Alitengeneza ishara za treni miaka ishirini na saba. Kisha ukaja wakati wa kupunguza watu, wakampa barua na mkono wa kwaheri. Padre mmoja wa misheni, aliyekuwa na mradi wa kupima maji ya mto, akampa kompyuta kuukuu na kitabu kisicho na jalada. Padre alitaka visanduku vya umeme viwekwe kwenye mto, kisanduku kipime kina cha maji, na maji yakizidi kiwango kipige king'ora mjini. Visanduku vilikuwepo. Tatizo ni kwamba kisanduku hakijui Kiswahili wala Kiingereza. Kinajua namba tu.

Basi Lupakisyo akatengeneza Mkalimani.

Mkalimani ilikuwa programu ndani ya kompyuta. Unaiandikia amri kwa Kiswahili, KINA KIKIZIDI 200 PIGA KING'ORA, nayo inaisoma, inaielewa, inaigeuza kuwa namba, na namba zile zinachomwa kwenye chipu ya kisanduku. Ilimchukua miaka miwili. Walinzi wa visanduku, watu wa Rudewa na Tindiga ambao hawajawahi kugusa kompyuta, waliweza kuisoma amri na kusema, hapa weka mia na themanini, huku kwetu maji hupanda haraka. Hilo lilimpa raha kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza.

Mkalimani nzima ilikaa kwenye faili moja. Mistari elfu tisa, faili moja, mkono mmoja. Na sasa faili ilikuwa imejaa.

Saa nne Yunis alifika na basi la Mikumi. Alikuwa binti wa Donati, mlinzi wa kisanduku cha darajani, na alifundisha kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi huko Mikumi. Alivua viatu vyake vyenye tope mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepitaje kile kijiji cha Ulaya?"

"Tumesukuma basi mara mbili. Kondakta anasema kesho kutwa barabara haipo." Akaangalia kioo. "Imejaa?"

"Imejaa."

Yunis hakusema nilikwambia, ingawa alikuwa amemwambia mara nne. Alisema taratibu, "Baba, tuigawe. Sehemu inayosoma ikae peke yake. Inayoelewa peke yake. Inayoandika namba peke yake. Kila moja faili yake. Nafasi itapatikana, na siku macho yako yakikataa kabisa, mtu mwingine ataweza kushika sehemu moja bila kuijua yote."

Macho ya Lupakisyo yalikuwa yakiharibika kwa sukari. Lilikuwa jambo la kweli, na hakulipenda.

"Haigawanyiki," alisema.

"Kila kitu kinagawanyika."

"Mbuzi anagawanyika. Lakini haendi tena malishoni."

Yunis akacheka kidogo. Lupakisyo hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kioo.

Alichokuwa akikiona si kompyuta. Alikuwa akiona mwaka sabini na tisa, stesheni moja ndogo ambayo sasa imefungwa. Reli ni njia moja, na kwa kila kipande cha njia kuna tokeni, kipande cha chuma kama rungu fupi. Dereva asiye na tokeni haingii, na aliye nayo haiachii mpaka atoke kwenye kipande hicho. Tokeni hukaa ndani ya masanduku mawili, moja kila stesheni, yaliyounganishwa kwa waya ili chuma kitoke upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Siku hiyo masanduku yalikwama. Yeye alikuwa upande huu, mwenzake Gabrieli upande ule. Waligawana kazi. Kila mmoja akafungua sanduku lake kwa bisibisi, kila mmoja akatoa tokeni kwa mkono, akidhani mwenzake bado anahangaika. Treni mbili zikaingia njia moja mchana kweupe. Bahati ilikuwa sehemu iliyonyooka. Zilisimama zikiwa zimebakiza hatua arobaini. Dereva mmoja alishuka, akaketi juu ya reli, akavua viatu.

Tangu hapo Lupakisyo hakugawana kazi na mtu. Kitu kimoja, mkono mmoja.

"Twende darajani kwanza," alisema. "Tupime kisanduku. Mengine baadaye."

Donati alikuwa amesimama chini ya mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Kando ya nguzo ya daraja palikuwa na bomba refu lililosimama, ndani yake boya linaloelea, na juu kisanduku. Maji ya Machi yalikuwa yameng'oa kishikizo cha chini, kwa hiyo mwezi Oktoba walipandisha bomba sentimita arobaini, na Lupakisyo akaongeza mstari mmoja kwenye amri: KINA NI BOYA JUMLISHA 40. Mstari mdogo kabisa.

"Fundi wa reli," alisema Donati, "treni zenu zilikuwa zinachelewa, na mvua nayo ikisubiri ufundi wako tutazeeka."

"Wewe vuta boya, acha maneno."

Donati alivuta waya wa boya polepole, kana kwamba maji yanapanda, huku Yunis akisoma kipimo. Kina kilipopita mia mbili, king'ora kikalia mjini, kirefu, cha kutoboa masikio. Walikuwa wametangaza tangu asubuhi kwamba ni majaribio, kwa hiyo hakuna aliyekimbia. Kila mtu wa mtaa wa chini alijua sheria: king'ora kikilia, panda stesheni. Kikinyamaza, maji yameshuka, rudi nyumbani.

"Inatosha," alisema Lupakisyo.

"Ngoja nikifikishe juu," alisema Donati, "maana mwaka huu hatujui." Akaendelea kuvuta.

Mia mbili na thelathini. Mia mbili na hamsini. Mia mbili hamsini na tano.

King'ora kikanyamaza.

Donati akarudisha boya chini kidogo. Kikalia. Akalipandisha. Kikanyamaza. Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu hakuwa na utani usoni.

"Fundi," alisema. "Kinanyamaza maji yakiwa kwenye koo la tuta."

Lupakisyo alikitazama kisanduku. Hakuhitaji kufikiri. Alijua kila kitu papo hapo, na kujua kulikuwa kubaya kuliko kutojua.

Chumba kimoja cha kumbukumbu ndani ya chipu kinabeba namba mpaka mia mbili hamsini na tano. Ongeza moja, kinarudi sifuri. Mkalimani ya zamani ilikuwa na kipande kinachoangalia hesabu, na ikiona namba zinaweza kuzidi, inatumia vyumba viwili kwa pamoja. Mistari mia tatu na kumi. Mwezi Agosti faili ilipoanza kujaa, Lupakisyo alihitaji nafasi. Akatazama, akaona hakuna amri hata moja inayotumia namba kubwa hivyo; ile ya JUMLISHA 40 ilikuwa bado haijaandikwa. Akakata mistari ile mia tatu na kumi. Hakumwambia mtu. Alikata ili asigawe.

"Niliondoa mimi," alisema.

Yunis alimtazama. "Uliondoa nini?"

Akawaeleza palepale darajani, mvua ikimpiga usoni, bila kupamba. Donati alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaangalia chini upande wa mtaa, paa la nyumba yake lilikokuwa likionekana.

"Kwa hiyo," alisema Donati, "maji yanafika juu, king'ora kinazima, mke wangu anasema haya watoto turudi."

"Ndiyo."

"Basi sina cha kukutania."

Waliondoa ile sheria ya king'ora iliyobandikwa kwenye ubao wa stesheni? Hapana. Walibishana hilo wakaliacha. Ukiwaambia watu king'ora ni kibovu, hawatakimbia hata kikilia kwa haki. Badili mstari mmoja basi, alisema Yunis, ondoa ile arobaini, punguza kiwango. Lupakisyo alikuwa amekwisha kufikiria hilo. Visanduku vitano vilikuwa vimepandishwa mwaka huo, kila kimoja na hesabu yake, na kila kimoja kingeweza kuwa na shimo lake asilolijua. Kipande kilichokatwa kilipaswa kurudi. Na nafasi ya kukirudisha haikuwepo.

Mchana walikula ugali na mlenda nyumbani kwa Lupakisyo. Mkewe, Tumwagile, aliwahi kuuza chakula stesheni miaka kumi na tisa, akijua ratiba ya treni kuliko mkuu wa stesheni. Aliwasikiliza wakibishana. Yunis anasema tugawe, Lupakisyo anasema mkigawa mtu mmoja atashika huku na mwingine kule, wote watagusa daftari la majina, mtagongana.

Daftari la majina ndilo lilikuwa moyo wa Mkalimani. Kila neno linaloandikwa, KINA, BOYA, KING'ORA, lilisajiliwa humo, na kila sehemu ililisoma na kuliandika.

"Baba Ulimboka," alisema Tumwagile, akikusanya vyombo. "Kutoka Dar mpaka Kigoma kuna tokeni ngapi?"

"Kila kipande na yake. Unajua."

"Kwa nini hamkuweka moja?"

"Moja ya nini? Treni ya kwanza ifike Kigoma ndipo ya pili itoke Dar? Mngekufa njaa pale stesheni."

"Haya," alisema Tumwagile.

Lupakisyo akamsogezea sahani yake.

"Na siku ile ya Gabrieli," aliendelea mkewe, naye ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kulitaja jina hilo, "njia haikukosea kwa kuwa na vipande. Mlifungua masanduku kwa bisibisi, watu wawili. Mimi nilikuwa na mimba ya Ulimboka, nakumbuka ulivyoingia na uso wa majivu. Umeishi miaka kumi na minane ukilaumu vipande."

Mvua ilizidi juu ya bati.

"Lete disketi," alisema Lupakisyo.

Waliigawa jioni ile kabla jua halijazama. Msomaji disketi moja, Mwelewa ya pili, Mwandishi ya tatu. Daftari la majina likawekwa kwenye disketi yake peke yake, na Lupakisyo akaibandika kipande cha utepe mwekundu wa umeme. Sheria ilikuwa ya reli: asiye na disketi nyekundu hagusi daftari, wala sehemu yoyote inayoandika humo. Anasubiri.

Kisha ikaja sehemu iliyomtoa jasho. Ile mistari mia tatu na kumi ilikuwa ya Mwandishi, na ilihitaji kuandika upya kwenye daftari. Macho yake yasingeimaliza kwa wiki. Ya Yunis yangeimaliza kwa siku mbili, kwenye mashine za chuo zenye kasi. Yaani disketi nyekundu ilipaswa kwenda Mikumi.

Jumanne alfajiri aliishika stendi, injini ya basi ikinguruma, abiria wakimtazama mzee aliyeng'ang'ania kitu kidogo cha plastiki.

"Baba," alisema Yunis. "Alhamisi saa sita niko hapa."

"Barabara je?"

"Alhamisi saa sita."

Akaachia. Vidole vilikuwa vizito.

Jumanne maji yalikuwa mia na arobaini. Jumatano asubuhi, mia na sitini na tano. Lupakisyo alikwenda darajani mara sita, akarudi mara sita. Alikuwa na nakala ya zamani ya Mkalimani nzima ndani ya mashine. Angeweza kuifungua. Angeweza kukata kitu kingine, aingize angalau nusu ya ile mistari, achome chipu, aweke kitu, chochote. Saa tisa alasiri aliifungua. Kidole kilikuwa juu ya kibodi alipojiona: mtu mwenye bisibisi, upande wake wa njia, akitoa tokeni kwa mkono kwa sababu hawezi kuvumilia kutojua mwenzake anafanya nini.

Akachomoa kibodi, akaipeleka jikoni.

"Ifiche," alimwambia mkewe. "Usiniambie ulipoiweka."

Tumwagile aliipokea kwa mikono yenye unga. "Umewahi kuniomba mengi," alisema, "lakini hili geni."

Alhamisi saa sita basi halikuja. Saa saba mtu wa stendi akasema barabara imekatika Ulaya, kalavati limekwenda na maji. Maji darajani yalikuwa mia na themanini na nane. Lupakisyo aliketi kwenye kibaraza cha stesheni. Alifikiria mtaa mzima ukisikia king'ora kikinyamaza. Alifikiria akina mama wakikunja mikeka, wakiteremka mlima, wakicheka kwamba yamekwisha. Yeye ndiye angekuwa amewaambia washuke.

Alisikia sauti kabla ya kuona. Masikio ya reli hayazeeki. Upande wa njia ya Mikumi, kitu kidogo kilikuwa kikija kwa kelele za injini mbovu. Kilikuwa kiberenge cha kukagulia njia, kina mafundi wanne wamejifunika maturubai, na katikati yao Yunis, mfuko wa plastiki ameukumbatia kifuani.

Lupakisyo akasimama. Kitu cha kwanza kilichomtoka mdomoni hakikuwa shikamoo wala marahaba.

"Mmeingiaje njia? Tokeni mnayo?"

Dereva wa kiberenge akainua chuma. "Mzee, unatuonaje?"

Tumwagile aliitoa kibodi kwenye debe la mahindi. Iliandika huku ikimwaga punje. Sehemu nne ziliungana, na mashine, badala ya kukataa, ikafikiri kidogo na kusema tayari. Lupakisyo alipitisha macho kwenye kazi ya Yunis. Hakuielewa yote. Alitaka kuomba siku tatu aielewe. Maji yalikuwa mia na tisini na nne.

"Umeijaribu?"

"Mara arobaini. Mpaka mia sita."

"Choma."

Walifika darajani saa kumi. Donati alishika mwavuli juu ya kisanduku, wao wakibaki kwenye mvua, na Lupakisyo akabadilisha chipu kwa kupapasa, maana macho na maji hayakupatana. Hapakuwa na muda wa kuvuta boya. Mto wenyewe ulikuwa ukilivuta.

Saa kumi na moja kasorobo king'ora kililia. Safari hii watu walikimbia. Walipanda kuelekea stesheni na magodoro kichwani, na kuku, na redio. Tumwagile alipita akiwa na sufuria mkono mmoja na kibodi chini ya kanga, hakugeuka.

"Panda na mama," Lupakisyo alimwambia Yunis.

"Sipandi."

Walisimama watatu kwenye mwinuko wa kichwa cha daraja. Donati alisoma kipimo kwa sauti, kama mtu anayesoma majina ya marehemu. Mia mbili ishirini. Mia mbili thelathini na tano. Chini yao maji yalianza kulamba kichwa cha tuta, mahali palipokuwa na mashimo ya panya.

"Hamsini na tatu," alisema Donati. "Nne."

Lupakisyo alishika chuma cha daraja.

"Tano."

Alitamani kuziba masikio. Hakuziba.

"Hamsini na sita," alisema Donati.

King'ora kililia. Kikaendelea kulia. Hamsini na saba, nane, sitini, na tuta likaanza kumeguka, na sauti ile ikabaki juu ya mtaa mtupu, haishuki. Mistari iliyokuwa ikikiliza hakuiandika yeye. Bado aliogopa. Walipanda taratibu, Donati mbele, bila kuangalia nyuma mahali mapaa yalipokuwa.

Kwenye kibaraza cha stesheni Yunis alitoa ule mfuko wa plastiki, akatoa disketi yenye utepe mwekundu, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Lupakisyo akaisukuma irudi kwake.

"Kaa nayo," alisema. "Kuna visanduku vinne vimebaki. Bado uko njiani."